Kuwaandaa wakimbizi wanaorudi kwenye ardhi yenye mabomu: jibu langu kutoka Kibondo

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kuwafundisha Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, hapa Tanzania, wanaofikiria kurudi Fizi na Uvira, huko Kivu Kusini, ili wajihadhari na mabomu ya kutegwa ardhini na yale yaliyoanguka bila kulipuka. Nitakujibu kwa niliyoyaona kwenye kambi za wakimbizi za Kibondo, mkoani Kigoma, miaka ya 2000, nikiwa mmoja wa wahamasishaji waliowaandaa Warundi kurudi kwao. Vita vyao vilianza Oktoba 1993, mkataba wa amani wa Arusha ukasainiwa Agosti 2000, na kuanzia 2002 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikawa inawasafirisha waliojiandikisha kurudi ilhali mapigano yalikuwa hayajaisha. Mikoa mingi waliyokuwa wanaiendea, kama Makamba, Rutana na Ruyigi, iko mpakani na Tanzania yetu, na huko mabomu yalikuwepo.

Usianze na picha za mabomu. Nimeona saa nzima ikiisha kwa kuonyesha hili la plastiki, lile la chuma, na watu wanatoka wamekariri rangi. Mwanakijiji hahitaji kujua aina. Bomu lililokaa miaka kumi chini ya majani na matope halifanani na picha yoyote, na ukimfundisha mtoto kulitambua umemfundisha kulisogelea ili ahakikishe.

Anza na siku ya mtu. Waulize wanawake kuni watazipata wapi wiki ya kwanza, na maji watachota mto gani kama kisima kimefukiwa. Waulize vijana watalisha wapi mbuzi. Ukimaliza hapo, hatari zote zimeshatajwa na wao wenyewe: palipokuwa na kambi ya askari, chini ya nguzo za umeme, kwenye vichwa vya madaraja, nyumba iliyohamwa ambayo mlango wake uko nusu wazi, kichaka kilichomea juu ya njia ya zamani. Ndipo uweke maelezo yako. Waeleze kwamba bomu la kuwadhuru watu lina aina zinazolipuka kwa uzito usiofika kilo 10, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anatosha. La magari kwa kawaida hungoja uzito unaozidi kilo 100, ndiyo maana watu na mbuzi wanaweza kupita juu yake miezi, halafu lori la kwanza lililobeba mabati likalipuka. Hili liliwagusa wanaume kuliko yote niliyosema, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasema, "Njia ile inapitwa kila siku."

Wakulima watakuambia pia kwamba ukichoma shamba mabomu yanaisha. Kaa nao kwenye jambo hili, usilipite haraka. Moto unaweza kulipua moja na kuliacha la jirani yake zima, na mvua ya masika inaweza kulihamisha bomu kutoka mlimani hadi bondeni ulikolima mwaka jana kwa amani. Wauza vyuma chakavu nao wana hoja yao, nayo ni njaa. Kumwambia kijana "usiguse" bila kuzungumza naye atapata wapi hela ni kupoteza muda wa wote wawili.

Kwa Warundi, guruneti zilikuwa tatizo kubwa kama mabomu ya ardhini, maana zilikuwa majumbani, zimefichwa darini au kufukiwa nyuma ya jiko. Sidhani Kivu Kusini ni tofauti sana. Mtu anarudi kwenye nyumba yake, anachimba msingi wa choo, jembe linagonga chuma. Lifanyie zoezi: anasimama, anarudi kwa nyayo zake anazoziona, anaweka alama ya matawi mbali kidogo, anawaonya majirani, anakwenda kwa kiongozi wa eneo.

Zoezi gumu kuliko yote ni la majeruhi. Mtoto analala chini, mama anaambiwa asimkimbilie. Asimame pale pale, apige kelele, amwambie mtoto asitambae, asubiri wenye ujuzi. Wamama wengi walikimbia hata kwenye mchezo, huku wanajua ni mchezo. Usiwakemee. Rudieni tena na tena, muwape nafasi waseme kwa nini haiwezekani, kwa sababu anayemkimbilia majeruhi ndiye mara nyingi anayekuwa wa pili.

Sasa nikuambie lililo zito kwangu. Watoto waliozaliwa kambini wanakwenda nchi wasiyoijua. Anayejua njia ipi haipitwi ni jirani aliyebaki wakati wa vita, na jirani huyo huyo huenda ndiye aliyelima shamba la familia iliyokimbia. Burundi migogoro ya ardhi kati ya waliorudi na waliobaki ilikuwa mingi kiasi kwamba serikali iliunda tume yake mwaka 2006. Kwa hiyo anayerudi anaambiwa "usiingie pale, kuna mabomu," naye anasikia "usichukue shamba lako." Ongea nao jambo hili waziwazi kabla hawajapanda gari. Onyo la mtu mnayegombana naye lichukuliwe kuwa kweli hadi wateguaji waseme vinginevyo, na kesi ya shamba iende mahali pake. Pia wape jina la cheo cha mtu wa kumpelekea taarifa, siyo "wahusika".

Muda wako mzuri ni foleni ya mgao na bombani, wala siyo mkutano wa saa nne ambao wanaume watupu wanauhudhuria. Walengwa wako wakiwa na redio, tumieni. Sisi Radio Kwizera ya Ngara ilitusaidia kuwafikia wasiotoka majumbani. Na kama kambini kuna aliyepoteza mguu na yuko tayari kuzungumza, mlipe kama mhamasishaji mwingine yeyote, mumwache achague mwenyewe anachotaka kusimulia.

Niambie watu wako ni wa maeneo gani hasa ya Fizi, wa ziwani au wa milimani, maana maswali ya kuni na maji yatabadilika.