Ukiandika vita, mwache shujaa wako ndani ya safu

Hadithi nyingi za mashujaa huharibika palepale ngao zinapokutana. Safu imejipanga, adui anakuja, mara shujaa anachomoka na kuanza kufyeka watu peke yake. Msomaji anayejua mapigano ya mikuki hufunga kitabu hapo, maana aliyechomoka amemwacha uchi mwenzake wa kushoto.

Tazama falanksi ya Wagiriki wa kale, yaani safu zilizobanana za askari wa ngao na mikuki. Ngao yao ya duara, kipenyo karibu sentimita 90, ilivaliwa mkono wa kushoto. Sehemu ilimkinga mwenyewe, sehemu ikamkinga jirani wa kushoto ubavu wake wa kulia. Basi kila mtu akawa anajibanza kwenye ngao ya mwenzake wa kulia, na jeshi zima likawa linasogea kulia bila amri ya yeyote. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, anaeleza hivyo kuhusu vita vya Mantinea, mwaka 418 KK. Woga wa mtu mmoja mmoja unapinda mstari mzima: andika hilo, utapata zaidi ya kurasa kumi za panga kugongana.

Kabla ya sentensi ya kwanza, piga hesabu. Mpe kila askari karibu mita moja ya upana. Watu 800 waliopangwa kwa kina cha safu 8 wanaziba mita 100 tu. Bonde lako likiwa na upana wa mita 300, adui ana mita 200 za kukuzunguka. Lifinye bonde, au uegemeze kila ubavu kwenye mto ama jabali. Ukipunguza kina hadi safu 3 utakaribia kuliziba, ila wa mbele akianguka hakuna watu wa kutosha nyuma yake wa kujaza nafasi.

Wamakedonia walishika sarisa kwa mikono miwili, mkuki wa mita 5 hadi 6, na mwanahistoria Polybius anasema ncha za safu tano za kwanza zilitokeza mbele. Kuivamia falanksi hiyo uso kwa uso ni kujiua. Lakini mkuki wa namna hiyo haugeuzwi upesi, na ardhi ya mabonde humega mstari vipande vipande. Huko Pydna, 168 KK, Warumi walipenya kwenye mapengo hayo wakiwa na panga fupi, na kazi ikaisha haraka. Kwa hiyo ukitaka kuivunja, usilete jitu lenye rungu. Leta mtaro.

Mishale nayo ni mtego. Mkibanana mnazuia farasi, lakini mnakuwa shabaha nono. Waskoti waliosimama na mikuki katika duara huko Falkirk, 1298, waliwazuia wapanda farasi, kisha wapiga upinde wakawatoboa mpaka farasi wakapata pa kuingilia.

Zama za bunduki, askari wa miguu walijipanga mraba, singe zikielekea pande zote nne, ili kuzuia farasi. Mraba huo wa singe ni mdogo kuliko unavyochorwa. Watu 500 wakiwa safu nne kila upande, wamebanana bega kwa bega, upande mmoja hauzidi mita 20 hivi. Farasi hukataa kujitupa kwenye singe, na ndiyo sababu wapanda farasi wa Ufaransa waliizunguka miraba ya Waterloo mwaka 1815 bila kuivunja. Farasi aliyekwisha kupigwa risasi hana hiari hiyo: huko García Hernández, Hispania, 1812, mmoja alianguka akifa juu ya mraba wa Wafaransa, akafungua pengo, na waliomfuata wakaingia.

Je, shujaa afanye nini, kama haruhusiwi kuchomoka? Mpe kishawishi. Huko Hastings, 1066, Waingereza walishika kilima sehemu kubwa ya siku kwa ukuta wa ngao. Wavamizi wao, Wanormani kutoka Ufaransa, wa upande mmoja wakakimbia, baadhi ya Waingereza wakashuka kuwafukuza, wakazingirwa chini na kuchinjwa. Mweke shujaa wako hapo juu, adui ameshampa mgongo, na jirani yake wa kulia ameanza kuinua mguu.