Joka Halisubiri Chaja

Jumamosi iliyopita nilikaa pembeni ya meza ya vijana fulani wanaocheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza hadithi kwa maneno na dadu, pale Kansanga, Kampala, soda mkononi, mgeni tu. Wachezaji walikuwa wameingia pangoni, mwenge umezimika, kitu kinapumua gizani. Mwenye meza, yaani anayesimulia na kuongoza mchezo, akasema, "Ngojeni kidogo, inafunguka." Tukangoja. Kiduara kikazunguka kwenye skrini ya tableti yake. Mmoja akatoa simu akaanza kujibu meseji. Mwingine akaenda kununua rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Aliporudi nayo, mayai mawili na nyanya, kiduara bado kinazunguka, na lile dude la gizani nadhani lilikuwa limeshapitiwa na usingizi.

Wadogo zangu, nawapenda. Lakini nilitoka pale nikiwa nimekasirika, na boda hadi nyumbani sikusema neno, kwa sababu kila kosa mlilofanya nimelifanya mimi, tena vibaya zaidi. Basi nimeandika. Anayejua kampeni ni nini (ile hadithi moja ya mezani inayoendelea kikao hadi kikao), na kwa nini mwizi wa kundi lazima aguse sanduku alilokatazwa, aendelee kusoma. Wengine waulize wenzao.

(Naita tableti. Mtanzania wa meza yetu husema kishikwambi, na kila akilitamka mwenzetu wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, hucheka mpaka zamu yake inampita. Tuendelee.)

1. Usiku wa kuamkia kikao, zima data, zima waifai, kisha fungua kila kitu utakachohitaji kesho. Kisichofunguka, hesabu kwamba huna.

2. Karatasi. Hapa mnivumilie.

Kampeni yetu ilianza Novemba 2019, watu watano wa ua mmoja kule Makindye, katika vile vyumba vya kupanga ambavyo Kampala wanaviita mizigo. Wawili kutoka Kongo, Mtanzania mmoja, yule wa Arua, na mimi. Kiswahili tulikichagua kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake bila kuchekwa na yeye. Korona ilipokuja na kafyu yake, wengine walihangaika. Sisi kikao kilikuwa mlango wa tatu.

Oktoba 2020 nikanunua tableti. Ilikuwa imeshatumika, kona moja imepasuka, lakini inawaka. Nikalewa nayo. Nikawaingiza wahusika wote kwenye programu moja, kila mtu akawa anamfungua wake kwa simu, namba zinajijumlisha zenyewe. Nikatangaza kwamba karatasi basi. Nikakusanya zile za zamani, zenye madoa ya chai na matundu ya kufutwafutwa, na jioni ile nikawashia sigiri. Tulichoma gonja, zile ndizi tamu. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Dada mmoja wa Bukavu aliniuliza kama angeweza kubaki na yake. Nikamjibu, "Dada, wewe bado uko enzi za taipureta?" Watu wakacheka. Jibu hilo hunirudia hadi leo, hasa nikiwa kwenye foleni ya magari sina pa kukimbilia.

Ulikuwa msimu wa uchaguzi, na hata neno kampeni tulikuwa tunalitamka kwa uangalifu. Wa Arua aliwahi kuongea na simu akiwa nyuma ya boda: "Kampeni imenoga, Jumamosi tunamuua mfalme." Dereva akasimamisha pikipiki, akamwomba ashuke. Nauli hakuitaka.

Sasa, jioni ya Jumatano tarehe 13 Januari 2021, kesho yake kura, intaneti ikazimwa nchi nzima. Ilikuja kurudi tarehe 18. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 16, matokeo yanasomwa redioni, hakuna anayetaka kutoka nje ya geti, sote watano tupo na hatuna la kufanya. Siku ya kucheza kuliko siku zote. Nikafungua tableti. Programu ikanitaka niingie upya kwa nywila. Nikaingiza. Ikasema haioni mtandao. Jina lake sitalitaja, maana haikuwa na kosa: tangu Oktoba ilikuwa inaniuliza kama nataka kuwapakua wahusika wakae ndani ya tableti, nami nabofya "baadaye".

Mtu mwenye akili angesema, jamani, leo tucheze matatu, namaanisha karata si gari, tukanywa chai tukalala. Mimi nikasema, "Hakuna shida, nakumbuka kila kitu."

Na mengi nilikumbuka kweli. Karatasi sikuwa nayo hata moja, hivyo niliandika nyuma ya bango la mgombea fulani ambalo upepo ulikuwa umelitupa uani. Nilipofika kwa Nabintu, mpiga upinde wa yule dada wa Bukavu, nikaandika uhai 41, ile namba inayopungua kila mhusika anapoumizwa. Akatazama.

"Kaka, nadhani ilikuwa hamsini na kitu."

"Ni 41, dada. Nakumbuka."

Sikuwa nakumbuka. Hiyo 41 ilikuwa ya leveli ya sita. Desemba walikuwa wamepanda ya saba, na yule dada alirusha dadu ya pande kumi ya kuongeza uhai, ikaangukia kumi, ongeza moja ya ustahimilivu wake, 11 nzima. Tulishangilia mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, na aliyepiga kelele kuliko wote nilikuwa mimi. Bado nikasema 41, kwa ile sauti ya mwenye meza ambayo watu huiamini kwa mazoea tu.

Joka likapumua moto. Nikarusha, nikajumlisha: 44. Nabintu akaanguka. Zamu ya kupigania roho yake ikafika, ile ya pande ishirini ikatoa 1, na mnajua 1 huhesabiwa kushindwa mara mbili. Zamu iliyofuata, 7, kushindwa kwa tatu na kwa mwisho. Kuhani alikuwa ng'ambo ya daraja, hafiki. Akafa hivyo mhusika wa miezi kumi na minne. Yule dada hakusema kitu. Alikusanya vikombe vya chai, akaenda kuviosha, na vikombe vilikuwa vitano tu lakini aliviosha muda mrefu.

Jumatatu mtandao ukarudi. Nikajifungia chumbani, nikafungua programu. Uhai 52. Toa 44, inabaki 8. Nabintu alikuwa abaki amesimama, na zamu iliyofuata ilikuwa yake.

Kusahau namba ni ubinadamu. Aibu yenyewe ni kwamba sikumwambia, kwa wiki tatu. Nilijitungia sababu: hadithi imeshasonga mbele, kifo kimeipa kampeni uzito, kumwambia ni kumtonesha bure. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa aliyeambiwa "enzi za taipureta" aje anikumbushe mwenyewe. Na nikaenda mbali zaidi: nikaandaa mazishi ya Nabintu, nikamwomba yeye atunge maneno ya kumuaga. Akatunga, nusu Mashi, lugha ya kwao Bukavu, nusu Kiswahili. Wa Arua alitoka nje akijifanya anakwenda kupokea simu. Nami nimekaa pale na ile 52 kichwani, naitikia kwa huzuni.

Nilimwambia bombani, tuko kwenye foleni ya jerikeni saa kumi na mbili asubuhi, mahali pabaya kabisa pa kuungama. Nikaeleza yote, 41, 52, wiki tatu. Nikasema tutakifuta kile kikao, Nabintu atarudi, joka litakuwa halijapumua. Akasogeza jerikeni lake mbele, maana foleni ilikuwa imesogea, ndipo akanijibu:

"Kaka, maiti haifufuki eti kwa kuwa mtandao umerudi."

Hakuongeza. Kikao kilichofuata alikuja na daftari la shule, la mistari, jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, ameandika mhusika mpya kwa kalamu ya bluu: mdogo wake Nabintu, aliyekuja kuuliza nani alimuua dada yake. Daftari hilo analo mpaka leo. Nikitaja namba yoyote, anaangalia daftari kwanza, ndipo ananitazama mimi.

Kwa hiyo kila mhusika awe na karatasi, na kila mwisho wa kikao namba ziandikwe pande zote mbili, kwenye karatasi na kwenye tableti. Fotokopi za Wandegeya zipo. Ukitaka nyingi na karatasi nzito, shuka Nasser Road, mtaa wa wachapaji. Na usichome kitu cha mtu.

3. Dadu za tableti zinarusha kwa haki kuliko mkono wako, na hakuna atakayeziamini. Sisi tumekulia kwenye ludo: dadu lazima iruke, igonge kikombe, iingie chini ya kiti, watu wainame kuitafuta na kubishana kama imesimama au imeegemea. Mtanzania wetu aliwahi kubofya akapata 20, akabofya tena 20, mara ya tatu 20. Nafasi ya kupata hivyo ni moja kati ya 8,000, inatokea. Mueleze hivyo mtu wa Arua aliyetoka kupoteza ngao yake. Tulipoteza saa nzima tukijadili kama kishikwambi kimerogwa. Mwenye dadu za kweli azilete mezani, hata kama ni seti moja ya kuzungushana. Asiye nazo akate vipande vya karatasi, 1 mpaka 20, atie kwenye kikombe. Vipande navyo vina haki, ili mradi kila ukitoa ukirudishe na ukoroge.

4. Toleo. Jumamosi ile ya Kansanga, dude lilipoamka hatimaye, kuhani akataka kumtibu mwenzake kwa Cure Wounds, uchawi wa kuponya majeraha. Tableti moja ikasema anarusha dadu moja ya pande nane. Nyingine ikasema mbili. Nusu saa! Kila mmoja anamwonyesha mwenzake skrini kama hati ya kiwanja. Nilikuwa najua jibu, nikang'ata ulimi maana mgeni ni mgeni, lakini sasa nasema: mlikuwa sahihi wote wawili. Moja ni ya sheria za 2014, mbili ni za 2024. Mwenye meza achague toleo siku ya kwanza, alitamke, liandikwe juu ya kila karatasi.

Wala hakuna sababu ya kuchezea yale mafaili mazito yanayorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kurasa zimepigwa picha kwa simu, kidole cha mtu kinaonekana pembeni, tableti inahema kama imepanda kilima cha Muyenga. Sheria za msingi ni bure. Hati iitwayo SRD 5.1, yenye zile za 2014, iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, na ya sheria mpya, SRD 5.2, ikafuata 2025. Pakua, weka alama kwenye kurasa unazorudia, na ujifunze kutafuta kwa neno badala ya kusogeza kwa kidole. Hapo tableti inaishinda karatasi bila ubishi, nakubali.

5. Mengine ni madogomadogo. Punguza mwanga wa skrini, chaji itafika usiku. Funga programu isitoke kwenye skrini, simu na tableti nyingi zina njia hiyo kwenye mipangilio, ili mkono ukiteleza usikupeleke kwenye picha za harusi. Mla rolex asiguse ramani: mafuta yakikauka kwenye kioo, kila unapogusa kijiji kinahama. Muziki wa mvua msihangaike kuutafuta, mabati ya Makindye yatawapa bila bando.

Na kama unaunganisha tableti na televisheni ili wachezaji waone ramani, zima taarifa za meseji kwanza. Mimi nilikuwa kwenye tukio la mzimu, taa zimezimwa, nimeishusha sauti hadi kunong'ona, mzimu unafungua kinywa kusema jina la aliyemsaliti. Juu ya televisheni, kwa herufi kubwa, likatokea swali la mama yangu: "Umekula?" Mpaka leo mzimu huo kwetu unaitwa Umekula, na wachezaji wakimwona wanamkaribisha posho, yaani ugali.

6. Ukitazama skrini kwa zaidi ya pumzi tatu, tunga. Sema mlango umefungwa. Sema kuna harufu ya samaki. Vijana wa Kansanga, lile dude lenu la gizani lilikuwa na takwimu nzuri sana, niliziona juu ya bega lako, mwenye meza, zilipokuwa zimeshafunguka, lakini wale watoto walikuwa tayari wameogopa kabla hujafungua chochote. Ulikuwa umeshawapata kwa maneno sita, ukawaachia wakanunue rolex.

Jumamosi ijayo kikao ni kwetu, saa nane, na mtakapofika nitahesabu karatasi mlangoni. Umeme wa ua wetu una tabia zake, kwa hiyo mje na pawabanki iliyojaa. Ekstensheni yangu nyeupe ya matundu manne nayo iliondoka na mmoja wenu pale Kansanga. Nimeshajua ni nani. Airudishe.