Usimtumie mama mashine ya presha kabla hujampima mkono

Rudisha hizo pesa mfukoni kwanza. Umeuliza nani aligundua mashine ya presha, ya kupampu na ya betri ipi bora, ya kifundo cha mkono ikoje, halafu mwishoni unatupia tu kwamba umeona moja mjini ya bei poa na kesho unampelekea mama, ambaye "ana mikono minene". Hiyo kesho ndiyo imenitoa kitandani.

Wangu pia ana mikono minene. Mwaka juzi alikuja kukaa nami Umoja, Nairobi, nikashuka madukani River Road nikanunua ya betri, shilingi 2,800. Nikauliza kama itamtosha mama. "Hii hutosha mtu mzima yeyote, boss." Na muuzaji alikuwa amevaa koti jeupe! Labda alilitoa mitumbani Gikomba, sijui, lakini mimi niliamini koti.

Nyumbani, kila mkanda ukijaa upepo, velkro inaachia: krrr. Nikawa naubana kwa kiganja. Namba ya juu: 164. Kesho yake 166. Nikaamua dawa zake za presha zimelala, nikamwongezea kidonge cha pili. Mimi, niliyepata D ya biolojia. Siku ya nne aliinuka kwenye stuli akageuze chapati, akaenda chini, kidogo aangukie jiko. Teksi usiku, nyuzi tano juu ya jicho, na bili ambayo ingenunua mashine kumi.

Muuguzi akaniuliza mkanda wa nyumbani ni wa sentimita ngapi. Nikamtajia bei. Akaniangalia tu, akatoa tepu ya fundi nguo, akaizungusha katikati ya bega na kiwiko: 41. Akamfunga mkanda mkubwa: 98, kidonge changu cha ziada kimeishusha mno. Niliporudi nikausoma wangu, maandishi madogo kama masharti ya mkopo: 22–32. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hulazimika kubana zaidi ndipo uzibe mshipa, kwa hivyo namba hupanda. Kwa mkono kama wa mama inaweza kupanda hata 20. Presha yake haikuwa 164 hata siku moja. Shida yake ilikuwa mtoto aliyemzaa.

Na kosa lenyewe si geni. Scipione Riva-Rocci, daktari wa Italia, alitoa mashine ya mkanda na zebaki mwaka 1896, na mkanda wake wa upana wa sentimita 5 hivi ulikuwa unasoma juu vilevile. Von Recklinghausen, Mjerumani, akaupanua mwaka 1901. Korotkoff wa Urusi alipoanza kusikiliza mshipa kwa stethoskopu mwaka 1905 (hapo ndipo namba ya chini ikapatikana vizuri), mambo ya upana yalikuwa yameshajulikana. Miaka zaidi ya 120, na kule River Road habari bado iko njiani!

Kwa hivyo tepu kwanza, duka baadaye. Ikizidi 32, itisha mkanda mkubwa, wa 32–42. Wakikwambia upo mmoja tu unaotosha wote, toka, hata kama wamevaa koti. Na vidonge usiguse, namba ikikutisha mpeleke kwa daktari. Ya kifundo achana nayo. Uliuliza nini kingine? Hata sikumbuki.

Mpigie mama sasa hivi, fundi wa nguo hakosi hapo jirani. Ni sentimita ngapi?