Neno nililokuwa nalijua

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni kwamba mtu aliyekwishavuka kiwango cha kati cha Kiingereza, akitaka kukuza msamiati wake wa kawaida na wa kitaaluma, asome sana au akariri orodha za maneno. Nimelisoma asubuhi na hadi sasa halijaniondoka kichwani. Kabla sijachagua upande, kuna jambo linalotangulia: ni lini mtu anaweza kusema neno fulani analijua? Mimi niliwahi kudhani ninajua maneno mengi sana.

Mkinishikilia niseme, niko upande wa kusoma. Orodha nazifahamu, sizisemi kwa kusikia. Ile inayotajwa na kila mwalimu wa Kiingereza cha kitaaluma, aliyoitoa mtafiti wa lugha Averil Coxhead mwaka 2000, ina familia 570 za maneno zilizochujwa kutoka kwenye matini ya kitaaluma yenye maneno yapata milioni 3.5. Familia maana yake ni kwamba "analyse", "analysis", "analytical" na ndugu zao wanahesabiwa kama nyumba moja. Ni kazi ya kuheshimiwa, kwa sababu katika kila maneno kumi ya maandishi ya kitaaluma, karibu moja linatoka humo. Niliikariri yote nilipokuwa najiandaa kwa shahada ya uzamili. Daftari lilikuwa na safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. "Assume", kuchukulia. "Derive", kutokana na. "Establish", kuanzisha, pia kuthibitisha, lakini nafasi ilikuwa ndogo, nikaandika moja nikasonga mbele. Baada ya miezi minne niliweza kufunika safu ya kulia kwa kiganja na kutaja maana zote bila kukwama.

Kisha nikampelekea msimamizi wangu sura ya pili ya tasnifu.

Ilikuwa sura ya mapitio ya maandishi. Kulikuwa na mtafiti mmoja ambaye kazi yangu yote ilimwegemea. Akiwa amekosea yeye, mimi sina tasnifu. Katika rasimu ya kwanza nilimwandikia "says" kila mahali, nikaambiwa vitenzi vinachosha, nibadilishe. Nikabadilisha. Kurasa ziliporudi, neno "claims" lilikuwa limezungushiwa duara mara sita. Hakutumia kalamu nyekundu. Ilikuwa penseli, tena kwa mkono mwepesi, alama unayoweza kuifuta kwa kidole. Pembeni ya duara la kwanza aliandika kwa Kiswahili, "Kwa nini?" Maduara mengine matano hayakuwa na maelezo yoyote.

Nilifikiri ni sarufi. Nikatazama "s" ya nafsi ya tatu, ipo. Nikatazama tahajia, haina kasoro. Nikafungua kamusi, nikafungua na daftari langu la zamani zaidi: "claim", kudai. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikalala na ile "Kwa nini?" siku mbili, ya tatu nikaenda ofisini kwake.

"Mwalimu, nimetafuta kosa sijaliona."

"Huyu mtafiti unamwamini?"

"Namwamini sana. Ndiye msingi wangu."

"Mbona unamtilia shaka mara sita?"

Sikuwa na jibu. Akachukua ukurasa, akaanza kuusoma kwa sauti huku akiugeuza kwa Kiswahili papo hapo: "Mtafiti anadai kwamba... Anadai pia kwamba... Katika kazi yake ya baadaye anadai..." Akauweka mezani. "Mwanangu, ukilala na homa, jirani yako akaja kuniambia, 'anadai anaumwa', utamwelewaje jirani huyo?"

Hapo ndipo niliposhikwa, na naandika haya bado nalihisi. Jibu lilikuwa kwenye Kiswahili changu mwenyewe. Tangu utoto nimesikia "anadai" katika taarifa ya habari, na sikumbuki hata siku moja kulisikia bila kuelewa kwamba msomaji wa taarifa anajiweka kando: kasema yeye, sisi hatumo. Neno la kushoto na neno la kulia yalikuwa yanabeba shaka ileile, yametazamana kwenye mstari mmoja wa daftari langu, na mimi nilikuwa nimeyafunika kwa kiganja.

Alivuta karatasi tupu akanichorea ngazi. Juu kabisa aliandika "shows" na "points out". Ukimwandikia mtafiti hivi, yaani anaonyesha, anabainisha, umekubali kwamba alichosema ni kweli, na kosa lake litakuwa kosa lako. Katikati akaweka "argues" na "suggests": anajenga hoja, anadokeza, unamsikiliza bila kujifunga. Chini akaweka "claims". "Argues" nilikuwa nimeikwepa makusudi. Niliijua kama kugombana, na sikutaka kumgombanisha mtafiti wangu na mtu yeyote.

Nilipotoka pale nilienda kutafuta "claim" na "argue" katika zile familia 570. Hayamo. Coxhead aliyaacha nje maneno ya orodha ya kale ya Michael West, ya mwaka 1953, ile ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi, kwa sababu anayeanza masomo ya juu anatarajiwa kuwa nayo tayari. Na mimi nilikuwa nayo. Ndiyo maana sikuyatazama tena.

Hilo ndilo ninalotaka wasomaji wenzangu waliofika kiwango hiki walisikie. Kwa anayeanza, adui ni neno asilolijua, na neno hilo hujitangaza lenyewe: unakwama, unafungua kamusi. Ukishapanda, adui ni neno unaloamini unalijua. Chukua "significant", ambalo lenyewe limo katika orodha ya Coxhead. Daftari langu lilisema "muhimu". Lakini katika ripoti ya takwimu linamaanisha tofauti ambayo si rahisi kuielezea kwa bahati tu, hata kama ni ndogo mno na haina umuhimu kwa mtu yeyote. Msomaji wa safu mbili atapita hapo akitikisa kichwa, na atakuwa ameelewa kisichoandikwa.

Tena maneno yana marafiki zao. Kwa Kiingereza hitimisho "linavutwa" au "linafikiwa", "draw" au "reach", na utafiti "unaendeshwa", "conduct". Sisi hatuna haki ya kushangaa. Mgeni aliyeandika daftarini mwake kwamba kupiga ni kuchapa atafanya nini akikutana na kupiga kura, kupiga pasi, kupiga magoti na kupiga chafya?

Sasa, nilipoanza barua hii nilikusudia kufika hapa na kuandika: basi someni, orodha ziacheni. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo na haikubali. Kabla ya siku ile ya penseli nilikuwa nimesoma makala nyingi sana kwa Kiingereza, na "claims" ni neno ambalo lazima lilipita mbele ya macho yangu mara zisizohesabika. Kusoma hakukunifundisha. Mtu anayeelewa anachosoma hasimami. Anafuata hoja, na kitenzi kinachobeba msimamo wa mwandishi kinapita bila kutazamwa. Kilichonifundisha ni duara. Mtu alilitenga neno na sentensi yake, akanilazimisha nilitazame. Nikiwa mkweli, orodha nayo ndivyo inavyotakiwa kufanya. Kosa lilikuwa safu ya kulia.

Na hesabu nayo hainisaidii. Mwaka 2006 mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria kwamba ili uelewe asilimia 98 ya maneno katika maandishi ya kawaida bila msaada, yaani ubaki na neno geni moja katika kila 50, unahitaji familia kati ya 8,000 na 9,000. Mwenye 4,000 anayangoja maneno yanayotokea kwa nadra. Anaweza kukutana na neno leo, alikose kwa kurasa mia kadhaa, na litakaporudi awe amelisahau. Anayesoma kwa kupenda atafika, ila kwa miaka mingi, na si kila mtu ana miaka hiyo kabla ya mtihani au tasnifu.

Kwa hiyo nikibanwa kweli, nasema orodha, jambo ambalo asubuhi nisingelisema. Lakini isiwe kama nilivyofanya mimi. Maneno machache kwa siku, na badala ya tafsiri pale kulia iwekwe sentensi nzima iliyonakiliwa kutoka kwa mwandishi wa kweli, na chini yake swali: huyu anakubali, anashuku, au anajiweka kando? Orodha yenyewe ianzie chini, kwenye yale ya kawaida, hata kama unaona aibu kurudi huko. Na bado haitoshi asipokuwepo mtu wa kusoma ulichoandika. Sioni ningewezaje kuyachora yale maduara sita peke yangu.

Daftari nililonalo sasa limelitengea "claim" ukurasa wake. Lina sentensi 14. Ya mwisho niliinakili juzi, ya mwandishi anayetangaza "the central claim" ya makala yake mwenyewe, kwa kujiamini, bila shaka hata kidogo, kwa sababu hapo ni nomino na ni yake. Nimejaribu kuandika "dai kuu la makala hii" kwa Kiswahili, na bado sikioni mwangu inasikika kama mtu anayeshtakiwa.