Maswali ya Wasomaji: Tumbawe-jua Halishibi Mwanga

SWALI: Shikamooni. Nina tumbawe-jua la rangi ya chungwa, nimeliweka katika tangi langu la maji ya bahari nyumbani, juu kabisa ya mwamba chini ya taa kali. Wiki ya nne sasa halijafunguka, na katikati ya vikombe vyake mfupa mweupe umeanza kuonekana. Nalilisha chakula cha unga mara moja kwa wiki. Nimepunguza mwanga, hakuna mabadiliko. *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Marahaba. Taa haina kosa, na haina msaada pia. Matumbawe mengi yanayouzwa hubeba ndani ya nyama yake mwani mdogo sana unaoyatengenezea chakula kwa usanisinuru. Tumbawe-jua, yaani jamii ya *Tubastraea*, halina mwani huo. Baharini huota mapangoni, chini ya miamba iliyoning'inia na kwenye vyuma vya meli zilizozama. Usiku hufungua minyiri na kudaka vidudu vinavyopita na mkondo. Tangini, usipolilisha wewe, halili.

Hilo lako lina njaa. Nyama inayounganisha vikombe ndiyo hutoweka kwanza, na mfupa ukibaki wazi mwani huuvamia na kuibana nyama iliyosalia. Maadamu ndani ya vikombe bado kuna nyama yenye rangi, linaweza kupona.

Lihamishe mahali mkono unapofika kwa urahisi, penye kivuli kidogo na mkondo wa wastani usioligonga upande mmoja tu. Kivuli hakilinufaishi lenyewe, ila huchelewesha mwani kuota kwenye mfupa ulio wazi.

Kisha lizoeshe saa ya kula. Chagua saa moja na nusu jioni, taa zikiwa zimezimwa, na usiibadilishe. Yeyusha nusu ya kipande cha uduvi wa kugandishwa aina ya mysis katika vijiko vitatu vya maji ya tangi, chuja, na supu yake usiimwage. Zima pampu za mkondo. Chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, ulichomeke mrija mgumu wa plastiki, umwage mililita 2 au 3 za supu taratibu juu ya vikombe. Subiri dakika 20 hadi 30. Likibaki limefumba, washa pampu na urudie kesho saa ileile. Tumbawe lililodhoofika huweza kuchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla ya polipi ya kwanza, yaani kijinyama chenye mdomo na minyiri kinachokaa ndani ya kikombe, kuchomoza. Wengi hukata tamaa hapo katikati, na ndipo tumbawe linapokufa.

Polipi zikichomoza, weka uduvi mmoja kwenye minyiri ya kila moja. Usiurushe kwa nguvu, kwani polipi hujifumba na chakula kikapotea. Kikombe chenye afya cha upana wa sentimita moja humeza wawili au watatu. Hakikisha kila mdomo umepata, maana nyama ya katikati ikishakatika, polipi iliyoshiba haiwezi kumlisha jirani yake. Tumbawe lenye afya hutosheka na mara tatu kwa wiki. Lako lilishe kila siku mpaka nyama ianze kuufunika mfupa tena.

Unga uache, chembe zake ni ndogo mno kwa mdomo huo. Artemia, uduvi mdogo wa maji ya chumvi, peke yake haina lishe ya kutosha, ichanganye na mysis au mayai ya samaki. Kamba wabichi wa sokoni wanafaa wakioshwa, wakamenywa, wakakatwa vipande vya milimita 3 hadi 5 na kugandishwa. Uduvi mkavu huelea na mara nyingi huja na mchanga, huo uache jikoni.

SWALI: Kamba msafishaji wangu huingiza miguu mdomoni mwa polipi na kuchomoa chakula nilichoweka. Nimtoe? *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Si lazima. Walishe samaki na huyo kamba kwanza, upande wa pili wa tangi. Kisha kata kitako cha chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, lainisha ukingo, ulifunike tumbawe na ulilishe kupitia shingo ya chupa, kifuniko kikiwa kimeondolewa. Iache dakika 20 hadi chakula kimezwe kabisa, kisha iondoe, kwa kuwa ndani yake maji hayazunguki. Uporaji huo si usumbufu tu: kamba akivuta chakula kilichokwisha kuingia, huichana nyama ya mdomo.

SWALI: Tangu nianze kulisha vizuri, nitrati katika tangi langu la lita 120 imefika miligramu 60 kwa lita na vioo vimekuwa kijani. Nipunguze chakula? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Hapana. Ukipunguza, utasafisha maji na kuliua tumbawe. Badili namna ya kulisha. Protini isiyoliwa huoza ikawa amonia, bakteria huigeuza nitriti kisha nitrati, na fosfati hupanda nayo. Kwa hiyo supu ni ya kuamshia tu, mililita chache, na inayobaki imwage nje.

Kwa tangi la ukubwa huo tunapendelea kulishia kwenye bakuli. Zamisha bakuli tangini, liweke tumbawe ndani yake chini ya maji, ulitoe pamoja na maji yake bila kuzigusisha polipi hewa. Lisha, acha dakika 30, lirudishe tumbawe na umwage maji machafu. Chumba kikiwa cha baridi, angalia maji ya bakuli yasipoe. Bakuli la lita mbili, mara tatu kwa wiki, tayari limebadilisha lita sita. Jazia maji mapya ya chumvi yenye uzito wa 1.025 ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi.

Kwa sasa badilisha lita 18 mara mbili kwa wiki mpaka nitrati ishuke chini ya 20. Fosfati ilenge chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, iwe inafanya kazi usiku kucha baada ya mlo. Kalsiamu ibaki kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na ukali wa alkali 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH. Joto bora ni nyuzi 24 hadi 26. Kama maji yako hupanda hadi 29 au 30, elekeza feni usoni pa maji, na kinachopotea kwa uvukizi kijaze kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi.

SWALI: Naona matumbawe kama haya nikipiga mbizi. Naweza kuchukua kipande kidogo? *Msomaji, Malindi*

JIBU: Usichukue. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi, Kisite na Mafia ni kosa la wazi. Hata la kununua kutoka nje ya nchi lazima liwe na vibali, kwani matumbawe yote magumu yako katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

SWALI: Polipi za upande mmoja hazifunguki tena, na nimeona vijipunje vya njano kwenye shina. *Msomaji, Muscat*

JIBU: Vijipunje hivyo huenda ni mayai ya *Epidendrium billeeanum*, konokono mdogo wa njano anayekula tumbawe hili na kufanana nalo rangi. Mshukiwa wa pili ni koa wa baharini *Phestilla melanobrachia*, ambaye hutaga utepe wa mayai. Wote hujificha mchana. Kagua kwa tochi saa mbili baada ya taa kuzimwa, pande zote na chini ya shina, uwatoe kwa kibanio. Mayai yakwangue kwa mswaki laini ndani ya bakuli la maji ya tangi, uyamwage. Dawa za kuchovya mara nyingi haziyaui mayai, kwa hiyo rudia ukaguzi kila baada ya siku tatu kwa muda wa mwezi mzima, na tumbawe lolote jipya likae tangi la pekee kwa muda huohuo kabla ya kuchanganywa na mengine.