Kula vizuri kila siku: tafuta kwanza saa inayokuangusha

Mkuu, umesema mwaka huu umeanza kula vizuri mara nne, na kila mara wiki ya pili haiishi kabla hujarudi kwenye soda, biskuti na sahani ya usiku iliyojaa hadi ukingoni. Umeuliza kama wewe ni mtu asiye na nidhamu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali hilo nilijiuliza miaka mingi, na jibu nililokuwa najipa ndilo lililonichelewesha.

Nilipimwa presha nikaambiwa imepanda nikiwa na miaka 38. Nilitoka kwa daktari na hofu, na Jumatatu iliyofuata nikabadili kila kitu kwa mpigo: sukari marufuku, wanga marufuku, chumvi marufuku, usiku matunda tu. Nilidumu siku tisa. Siku ya kumi nilifika nyumbani saa mbili usiku nikala nimesimama jikoni, hata viatu sijavua. Aibu iliyonishika ikanifanya nikae miezi mitano bila kujaribu tena.

Kilichonitoa pale ni daftari. Kwa siku kumi niliandika kila nilichokula na saa niliyokula, bila kubadili chochote. Sharti hilo la kutobadili chochote lizingatie sana, maana ukianza kujirekebisha siku ya kwanza hutaona unavyokula kweli. Mimi niliamini adui yangu ni usiku. Daftari likasema vingine: kila usiku niliokula kupita kiasi, mchana wake sikuwa nimekula, au nilimaliza pakiti ya biskuti huku nafanya kazi. Siku nilizopata mlo wa mchana unaoeleweka, usiku ulipita kwa utulivu. Njaa ya saa saba mchana ndiyo niliyokuwa nailipia saa mbili usiku, tena kwa riba.

Kwa hiyo badiliko langu la kwanza halikuwa kuacha kitu, lilikuwa kuongeza: mlo wa mchana wa kubeba, wenye jamii ya kunde, mboga, na nafaka isiyokobolewa. Vyakula vya namna hiyo vina nyuzinyuzi na protini, vinashibisha na shibe yake inakaa. Nilikuwa naupakia jioni, mara tu baada ya kuosha vyombo vya usiku. Kuosha vyombo ni kazi niliyokuwa naifanya tayari kila siku, nikaining'inizia nyingine. Kama ningejiambia tu "nitakuwa nabeba chakula", nisingefika popote.

Kuna utafiti ulionipa moyo sana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akichagua jambo moja la kula, kunywa au mazoezi na kulifunga kwenye wakati maalumu wa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Walikadiria kwamba jambo huchukua kama siku 66 hadi lifanyike bila kujisukuma, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Tena waligundua kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Soma hapo mara mbili, mkuu. Wewe umeandika kwamba kila ulipoteleza siku moja ulihesabu mambo yote yameharibika. Hayakuwa yameharibika. Wiki mbili zilikuwa chache mno kwako.

Jambo la pili kwangu lilikuwa sukari ya chai, na hapa nilipiga hesabu iliyonishtua. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni vijiko 12. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hiyo karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 hiyo ni gramu 50 hizo hizo. Yaani chai peke yake ilikuwa imeshamaliza kiwango kabla sijagusa kingine chochote. Nilipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Kwa mwendo huo ulimi hauoni kama umenyang'anywa. Kwako wewe naona soda ndiyo kubwa zaidi: kopo la mililita 330 hubeba gramu 35 hivi, na umesema unakunywa mawili.

Chumvi niliishusha hivyo hivyo, na kopo lake likahama mezani. Mwisho unaopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ile iliyomo ndani ya vyakula vya pakiti. Wiki za mwanzo chakula kilikuwa chapwa, baadaye nikaanza kusikia ladha ya mboga yenyewe.

Kuhusu vitafunio vya pakiti, acha kujilaumu. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwalisha watu 20 kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana, na wiki mbili vyakula vya kawaida, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vile vilivyosindikwa walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, bila mtu kuwashawishi. Ndiyo maana mimi sihangaiki kupambana na pakiti iliyo kabatini: siiingizi ndani. Matunda yaliyooshwa ndiyo yanayokaa mahali pa kuonekana.

Kama unaishi na watu, usitangaze sheria mpya za nyumba. Mimi nilitangaza mara ya kwanza, nikawa napikiwa chakula cha peke yangu kama mgonjwa, na watoto wakaanza kuichukia mboga. Safari hii tulipika chungu kimoja, nikaanza kupakua mboga hadi nusu ya sahani yangu ndipo vingine vifuate. Sikusema neno.

Ukiwa unatumia dawa za kisukari au una shida ya figo, ongea na daktari wako kabla ya kugeuza milo.

Kwa sasa usiache soda wala kitu kingine. Anza daftari kesho, siku kumi, chakula na saa yake, kisha rudi hapa utuambie ni saa ngapi inayojirudia.