Usisikie tu "kuwa mwangalifu": omba taa kabla ya ajali

Sikio langu la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linasikia kidogo. Nafanya kazi kwenye godauni Shimanzi, Mombasa, na wenzangu wenye ulemavu nawaambia hivi: bosi akikwambia uwe mwangalifu, usiridhike hapo. Uangalifu wako hauwezi kuziba pengo aliloliacha yeye.

Foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, ikirudi nyuma hulia, na kwa anayesikia yatosha. Kwangu mimi, katikati ya mafeni na makelele ya wapagazi, mlio ule haupo. Nilikuwa naijua kwa mtetemo wa sakafu chini ya viatu, au kivuli chake kikipanda juu ya magunia. Siku moja uma ulinipita ubavuni ukanichana shati. Dereva alikuwa amepiga honi, tena mara nyingi, maskini.

Supavaiza alitaka kunihamishia ofisini, kwa wema kabisa. Nilikataa, kwa sababu overtaimu iko godauni na kazi naiweza. Nikaomba taa ya kumetameta juu ya foklifti, mstari wa manjano sakafuni wa waendao kwa miguu, na dereva asisogee mpaka tuonane macho kwa macho nami niinue mkono. Rangi na taa vilipatikana. La mkono lilichukua muda, maana madereva wana haraka, lakini ndilo ninalolitegemea zaidi.

Mwenye kiti cha magurudumu aangalie mlango wa dharura: mara nyingi umezibwa na mizigo. Mwenye ualbino anayefanya kazi uwanjani adai kofia pana, mikono mirefu na zamu za kivulini. Jua la Mombasa halichezewi.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Ombi lako lipeleke huko, kwa maandishi yenye tarehe, na ubaki na nakala au picha kwenye simu.

Ukiumia, mjulishe mwajiri siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Yeye ana siku 7 kuripoti kwa Mkurugenzi wa usalama kazini, na wewe una miezi 12 kudai fidia chini ya WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Akikwambia uliumia kwa sababu ya ulemavu wako, mtolee ile nakala.